Nyanya za kitalu nyumba: anza na mwezi wa kuuza

Wengi wanaonipigia simu kuhusu kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kukuzia mimea, wanaanza na mbegu gani au mbolea gani, mimi nawauliza kwanza, unataka kuvuna mwezi gani? Kimya. Na hilo ndo swali lenyewe, maana ukivuna Agosti au Septemba unakutana na nyanya za nje za umwagiliaji zimejaa kila kona, tenga linauzwa bei ya kutupa, na mnunuzi hajali kwamba yako ilikuzwa chini ya nailoni kwa gharama.

Bei inapanda masika, Aprili na Mei, mvua ikishapiga mashamba ya nje na bakajani, ule ugonjwa wa ukungu unaounguza majani, likaingia. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: mche unakaa kwenye trei wiki 4 hivi, ukishauhamisha unasubiri siku 70 hadi 80 ndo uchume ya kwanza, ukitaka katikati ya Machi uwe umeanza basi mbegu ziingie kwenye trei mwanzoni mwa Desemba.

Sasa hapo pana mtego. Mche huo unatoa maua mwisho wa Januari na Februari, joto lenyewe, na chavua ya nyanya haivumilii, mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usipopoa vizuri maua hayashiki. Nimeliona Morogoro, mimea imefika kifuani, kijani kabisa, lakini ukigusa ua tu linadondoka, kile kifundo cha kikonyo kimeshageuka njano. Mwenye shamba kaongeza mbolea mara mbili, kumbe shida ni joto! Tukafungua pembeni zote, tukaweka neti ya kivuli, na kila saa 4 asubuhi kijana anapita akigongagonga kamba za kufungia mimea ili chavua imwagike, maana mle ndani hakuna upepo wala nyuki. Vichala vya juu vilishika, vitatu vya chini vilishapotea. Kule Meru juu, mlimani Arusha, usiku unapoa, hii shida ni ndogo.

Kingine, kama una vitalu viwili usipande siku moja, acha wiki 6 katikati ili mteja asikukose. Ila kitalu kimoja kisiwe na rika mbili, nilishajaribu na sishauri, kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, anahama kutoka mimea mizee anamalizia michanga. Hata trei za awamu inayofuata usizisogeze mle ndani kwa sababu tu nafasi ipo, ziweke mbali na uzifunike neti.