Hedifoni inayovuja sauti si mbovu

Wengi wakivaa hedifoni ya Philips SHP9500 mara ya kwanza hulalamika: sauti inatoka nje, besi haidundi, basi ni mbovu. Sivyo. Kava zake zina matundu kwa makusudi, ili hewa iliyo nyuma ya spika ipite badala ya kubanwa na kurudisha mwangwi sikioni. Ndiyo maana vyombo husikika vimeachana, kila kimoja mahali pake, na anayechanganya muziki hachoki upesi. Besi ya chini kabisa hupungua kweli. Ihakiki kwenye spika kubwa. Ila tafadhali, usimvalishe mwimbaji anayerekodi: mdundo utaingia kwenye maikrofoni. Huyo mpe hedifoni zilizofungwa, zisizo na matundu. Na kwa kuwa ukinzani wa umeme wa SHP9500 ni mdogo, omu 32, hata simu huiendesha bila amplifaya.