Kabla hujaambiwa umechelewa

Jumanne asubuhi nilimkuta mama mmoja ameshakaa kwenye benchi la ofisi yetu ya msaada wa kisheria, hapa Kirumba, Mwanza. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu. Akaitikia huku akifungua fundo la khanga. Ndani mlikuwa na barua ya kuachishwa kazi, imekunjwa hadi mikunjo imeanza kuchanika. Alikuwa amefanya usafi kwenye nyumba moja ya wageni kwa miaka sita. Hakuitwa kikaoni, hakuulizwa neno.

Kabla ya yote nilitazama tarehe, nikahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya 27.

"Mama, wiki zote hizi ulikuwa wapi?"

"Mwanangu, nilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, akanituma polisi. Polisi wakasema siyo jinai. Nikarudi kwa bosi, kila nikienda ananiambia njoo wiki ijayo."

Hiyo "njoo wiki ijayo" imewaponza wengi. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi, kama mshahara ambao haukulipwa, ni siku 60. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kupokelewa nje ya muda na ueleze sababu zenye uzito, na "bosi aliniahidi" ni sababu dhaifu. Asubuhi ile ile tulijaza Fomu Namba 1, ya kupeleka mgogoro CMA. Nilimweleza pia kwamba nakala lazima imfikie mwajiri, na ushahidi kwamba imemfikia autunze kama anavyotunza kadi ya kliniki.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, siyo wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua: tunapata mafunzo, tunasajiliwa, na hatumtozi mtu hela. Hatusimami mahakamani kumtetea mtu. Tunasoma karatasi, tunasaidia kuandika, tunasuluhisha panaposuluhishika, na shauri likitaka wakili tunamwelekeza mtu kwa wanaotoa uwakili wa bure. Lakini nikitazama daftari letu, sehemu kubwa ya kazi ni kumwonyesha mtu mlango wake. Ardhi, kwa mfano: tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui tena. Bado nawaona watu wanasubiri hukumu pale.

Mirathi ndiyo inayoniumiza zaidi. Wajane hutoka visiwani Ukerewe, mume amefariki, na mtumbwi, nyavu na injini vimeshabebwa na shemeji. Wengi huamini kufungua mirathi ni jambo la wenye mawakili. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Unakwenda na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, ada unailipa kwa kontroo namba. Na hapa naomba nieleweke vizuri: msimamizi wa mirathi hajawa mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa, na ndani ya miezi minne anatakiwa kurudi mahakamani na orodha ya mali. Shemeji aliyeteuliwa akakaa kimya mwaka mzima anaweza kuitwa na mahakama ajieleze. Mjane akilijua hilo, hata anavyokaa kwenye kiti hubadilika.

Ukija kwetu, beba karatasi zote, hata zile unazoona hazina maana. Yule mama hakuwahi kupewa mkataba wa maandishi, na barua ya bosi ilidai alikuwa kibarua wa miezi michache. Tulipokuwa tunamaliza fomu akakumbuka kitambulisho cha kazi cha zamani alichowaachia wajukuu wachezee. Alikwenda nyumbani, akarudi nacho kabla ya adhuhuri, plastiki imeng'atwa pembeni. Mwaka kilipotolewa ulikuwa unasomeka.