Lupasi: dawa ya siku usizoumwa

Swali ninaloulizwa sana kliniki si "nitapona lini?" Ni hili: "Daktari, mbona umeniandikia dawa ya malaria?" Dawa yenyewe ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, na kweli ilianzia huko. Kwenye ugonjwa wa lupasi haiui kimelea chochote. Inaituliza kinga ya mwili iliyomgeukia mgonjwa mwenyewe, inayotengeneza kingamwili (protini za kinga) dhidi ya vitu vilivyomo ndani ya seli zake, hata DNA.

Seli ziko kila mahali, kwa hiyo lupasi hugusa popote: ngozi, maungio, damu, mapafu, figo. Wengi hunifikia wameshazungushwa sana. Huyu kaambiwa baridi yabisi, yule mzio, mwingine "mawazo tu". Karibu 9 kati ya 10 ni wanawake, na nashuku hayo "mawazo" yamechangiwa na hilo.

Kinachoninyima usingizi ni figo. Maungio yakiwaka utalia, figo hazisemi. Mtu anaweza kupoteza protini kwenye mkojo miezi kadhaa huku anajiona mzima. Mkojo ukianza kutoa povu na miguu kuvimba, mara nyingi figo zimeshaumia. Ndiyo maana nadai mkojo kila unapokuja, hata ukisema umekuja kunisalimia.

Halafu kuna wanaoacha dawa kwa sababu wamepata nafuu. Nawaelewa, nani anapenda kumeza vidonge hana kinachomuuma? Lakini nafuu hiyo imeletwa na vidonge hivyohivyo, na ugonjwa ukirudi huweza kurudi kwa kishindo. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, ndiyo ninayopenda kuipunguza mapema, ila taratibu: tezi zilizo juu ya figo huwa zimeacha kutengeneza homoni inayofanana nayo, na ukikatisha ghafla unaweza kuzirai, hata kufa. Haidroksiklorokwini haizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5.

Jua huamsha ugonjwa, kwa hiyo kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua.

Ukitaka mtoto, njoo kabla ya kushika mimba. Tunasubiri ugonjwa utulie angalau miezi 6. Haidroksiklorokwini utaendelea nayo. Mikofenoleti, dawa nyingine ya kutuliza kinga, tutaibadilisha mapema, maana hiyo hudhuru mtoto tumboni.