"Unataka uji?" "Unataka." Mtoto hulitoa wapi neno "mimi"?

Baba mmoja aliniletea mtoto wa miaka miwili na miezi saba, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mtoto nitamwita Kadogo, maana jina lake si langu kulitoa. "Daktari," baba akaanza (mimi si daktari, ni mtaalamu wa matamshi na lugha, lakini Nairobi nzima inaniita daktari wa kuongea na nimechoka kusahihisha), "huyu anajichanganya na watu wengine."

Nikamwuliza kivipi. Hakunijibu. Alitoa chupa ya uji kwenye mkoba, akaitikisa. "Unataka uji?"

"Unataka," Kadogo akasema, mikono yote miwili juu.

"Umesikia?"

Nilisikia, na nikacheka, jambo ambalo baba hakulipenda. Mwezi uliofuata mtoto alikuwa na mahojiano ya kuingia chekechea, na nyumbani walikuwa wameshaanza kusoma mtandaoni habari za kutisha usiku wa manane.

Maneno mengi mtoto huyapata kwa kuonyeshwa. Kikombe ni kikombe, akikitaja mama, dada wa kazi au jirani. "Mimi" si neno la namna hiyo. Mama akilisema, ni mama. Baba akilisema, ni baba. Ni kama rimoti ya televisheni: mwenyewe ni yule aliyeishika sasa hivi. Hebu sasa kaa pale alipokaa Kadogo. Tangu azaliwe, kila anayemsemesha anamwita "u-". Unalia. Umekojoa. Utaanguka, shuka. Kwa ushahidi alio nao, "u-" ndilo jina lake la pili. Hesabu yake ni sahihi, ila risiti tulizompa zote ni za duka moja.

Kiswahili chetu nacho hakimsaidii. Waingereza wana neno zima la "mimi" linalosimama peke yake mbele ya kitenzi. Sisi tumelificha kwenye silabi moja, "ni-", na hata hiyo tunaimeza. Nani hapa mjini anasema "ninakuja"? Tunasema "nakuja". Mama akikasirika hasemi "nitakuchapa", anasema "takuchapa", na ujumbe unafika. Mwanaisimu Kamil Ud Deen alirekodi watoto wanne wa hapa Nairobi kwa ajili ya tasnifu yake ya 2002, na katika maneno yao vipande vya mwanzo wa kitenzi vilikuwa vikidondoka: mara kiambishi cha nafsi, mara cha wakati, mara vyote viwili. Irabu ya mwisho haikudondoka. Alionyesha pia kwamba watu wazima wa Nairobi wenyewe huiangusha nafsi wanapoongea. Kwa hiyo mtoto wako akisema "taka maji", usikimbilie kusema amechelewa. Sehemu ya kosa hilo amelisikia kwako.

Sasa, kama hakuna anayeweza kumwonyesha mtoto "mimi" kwa kidole, analipataje? Hapa ndipo penye jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii: analipata wakati ambapo hasemeshwi. Mama anamwuliza baba, "Unataka chai?" Baba anasema, "Nataka." Mtoto yuko chini na biskuti yake, hakuna anayemwangalia, na mbele ya macho yake "u-" imehamia kwa baba kisha ikarudi "na-". Mtafiti Yuriko Oshima-Takane alilifuatilia jambo hili kwa miaka mingi huko Kanada. Mwaka 1996, yeye na wenzake walilinganisha watoto wa kwanza na wa pili kuzaliwa, wote wakiwa hawajatimiza miaka miwili au ndiyo wanaitimiza. Kwa ujumla lugha yao ilikuwa sawa. Kwenye maneno ya "mimi" na "wewe", wa pili walikuwa mbele, kwa sababu kutwa nzima wanasikiliza mama na mkubwa wao wakibishana.

Nikamwuliza baba Kadogo siku ya mtoto inavyokwenda. Ni mtoto wa kwanza. Wanaishi ghorofa ya nne South B, wazazi wanatoka saa kumi na mbili kabla foleni haijaanza, wanarudi amelala au anasinzia. Kuanzia asubuhi hadi jioni ni yeye na dada, wawili tu. Dada ni mchangamfu, anamsemesha sana, anamwimbia. Lakini watu wawili hawatoshi kwa somo hili. Unahitaji watatu. Mtoto wa ploti kule Kayole, ambako maji yanachotwa bombani na kina mama watano wanazozana kuhusu zamu, analisikia bure kutwa nzima. Sisemi ploti ni bora kuliko fleti. Nimelelewa ploti, najua choo cha pamoja ni nini. Nasema tu kwamba kelele zile zina kazi yake.

Nilimkataza kumsahihisha. Ukimwambia mtoto wa umri ule, "Sema nataka," atakujibu, "Sema nataka." Badala yake, televisheni izimwe wakati wa chakula, na yeye na mkewe waulizane mambo yao ya kawaida, mtoto akiwapo. Alinitazama kama mtu aliyelipia dawa akapewa maji.

Wengine huniuliza kuhusu kioo, kwa kuwa ndilo jaribio linalojulikana zaidi. Mwaka 1972 Beulah Amsterdam aliwapaka watoto rangi nyekundu puani kwa siri, akawaweka mbele ya kioo. Kuanzia miezi 20 hivi, wengi waligusa pua zao wenyewe, na kwa miaka mingi tukafundishwa kwamba hapo ndipo mtoto anapojitambua. Kisha jaribio kama hilo likaletwa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa 2011 na Tanya Broesch na wenzake, watoto 82 wa Kenya, wa miezi 18 hadi 72, waliwekwa mbele ya kioo wakiwa na karatasi iliyobandikwa kwenye paji la uso. Walioigusa au kuitoa walikuwa wawili. Wawili! Wengi waliganda tu, wakajitazama.

Ukiamua kukiamini kioo, itabidi useme kwamba mtoto wa Kenya wa miaka sita hajijui, na mtu yeyote aliyewahi kugombana na mtoto wa Kenya wa miaka sita atakucheka. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Mimi naona hivi: mtu mzima mgeni amekubandika kitu usoni, amekupeleka mbele ya kioo, na yuko hapo anakutazama. Mtoto aliyelelewa na adabu haondoi kitu alichowekwa na mkubwa mpaka aambiwe. Kule Kamerun, Heidi Keller na wenzake waliwahi kulinganisha watoto wa Wanso na wa Ugiriki. Wagiriki walijitambua mapema zaidi kwenye kioo. Wanso walitangulia katika kusikia agizo na kulitimiza. Nafsi inaanza na mlango ule ambao nyumbani wameufungua.

Hili sikulijifunza vitabuni. Mwaka wangu wa kwanza kazini, shosho mmoja aliniletea mjukuu wa miaka mitatu na nusu. Nilikuwa na kadi za picha zilizotoka Uingereza, na nilizionea fahari. Kibaniko cha mkate. Mtu wa theluji. Mtoto alizitazama zote kwa heshima, hakusema neno. Nikaandika kwenye faili: amechelewa. Shosho akaniuliza, "Mwanangu, umemaliza?" Nikasema ndiyo. "Lakini hujamtuma kitu." Akachukua kikombe nilichomnywesha chai, akamwambia mtoto, "Mpelekee yule mama wa kufagia, umwambie nimeshukuru, halafu uniletee leso kwenye kikapu."

Mtoto akatoka. Nikamsikia kwenye korido, sauti wazi kabisa: "Shosho ameshukuru." Kisha akarudi, akaenda kwenye kikapu, leso ikaletwa.

Tazama alichokifanya. Aliambiwa "nimeshukuru", akafikisha "ameshukuru". Aliivua "ni-" ya shosho, akaivika "a-", kwa sababu alijua kwamba akiiacha ilivyo, yule mama atadhani anayeshukuru ni mtoto. Aliyabeba maagizo matatu kwa mpangilio, na katikati yake akabadilisha nafsi. Nililikata neno "amechelewa" kwa kalamu, na shosho hakusema chochote, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama angesema.

Wakipsigis wana neno, ng'om, ambalo Sara Harkness na Charles Super walilisikia sana walipokuwa wakifanya utafiti katika kijiji cha Kokwet. Ni akili, lakini mtoto mwenye ng'om wa nyumbani ni yule anayeona kazi na kuifanya bila kusukumwa. Akili ya shuleni ilitajwa kando. Mahojiano ya shule zetu za binafsi yanapima hiyo ya pili tu. Mtoto mmoja niliyemfahamu aliulizwa, "Hii ni rangi gani?" Akamjibu mwalimu, "Kwani wewe hujui?" Hakupata nafasi. Mimi ningempa siku hiyohiyo. Nyumbani kwao mtu huuliza kitu asichokijua.

Baada ya "mimi" kukaa vizuri, kinachofuata ni kugundua kwamba "mimi" wengine nao wana vichwa vyao. Ni safari ndefu. Ndani ya matatu ya Githurai niliwahi kukaa karibu na msichana wa miaka mitatu aliyejifunika macho kwa viganja na kumtangazia makanga, "Hunioni!" Watu walicheka. Lakini James Russell na wenzake wa Cambridge, katika utafiti wa 2012, waliwauliza watoto wa umri huo swali zuri: macho yakifunikwa, mtu anaonekana? Hapana. Na mwili wake je? Huo unaonekana. Kwao, "mimi" anaishi kwenye macho, na kuonana ni macho kukutana. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na sina uhakika kwamba wamekosea sana.

Kisha kuna jaribio la kitu kilichohamishwa, ambalo Heinz Wimmer na Josef Perner walilianzisha 1983 kwa hadithi ya mvulana na chokoleti yake. Mimi hutumia andazi na sufuria mbili. Shosho ameliacha andazi kwenye sufuria nyekundu, akatoka nje. Tunalihamishia kwenye ile ya bluu. Akirudi ataanza kulitafuta wapi? Wa miaka mitatu huniambia bluu, bila wasiwasi, kwa sababu ndiko lilipo. Wa miaka mitano huniambia nyekundu, na mara nyingi anacheka kimyakimya. Kwa Wabaka wa misitu ya Kamerun, Jeremy Avis na Paul Harris walilifanya jikoni kwa kokwa za embe-mwitu zilizotolewa bakulini zikafichwa chunguni, mpishi akiwa ametoka. Huko nako, kufikia miaka mitano wengi walijua kwamba mpishi atafungua bakuli.

Tunda la kwanza la elimu hiyo ni uongo. Mama mmoja wa Umoja alinipigia simu amevunjika moyo: mwanawe wa miaka minne alisema soseji imeliwa na paka. "Na hatuna paka!" Nilimwambia amkanye, bila shaka. Lakini mwaka mmoja kabla, huyo mtoto asingejua hata kwamba kilichomo kichwani mwake hakimo kichwani mwa mama. Na kama hujui hivyo, utamdanganya nani?

Kuhusu kuchanganya lugha nitasema kidogo, maana nimelisema hadi sauti imekauka. Mtoto anayekuja kulia "amenipush" ameweka kitenzi cha Kiingereza ndani ya a-, me- na ni-, kila kimoja mahali pake. Huyo hajachanganyikiwa. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya Kiswahili, ya Kikamba na ya Kiingereza kwa pamoja.

Yapo mambo ambayo hayafai kusubiriwa, na haya siyafanyii mzaha. Mwaka mmoja umetimia na hatoi sauti za ba-ba, da-da, wala haonyeshi kitu kwa kidole. Miezi 16 bila neno hata moja. Miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili yake mwenyewe. Na katika umri wowote, maneno aliyokuwa nayo yakipotea. Mtoto huyo apimwe masikio kwanza, kabla ya yote. Ukikutana na mtu anayekuambia "wavulana huchelewa tu", mshukuru na uende kliniki hata hivyo.

Kadogo alirudi miezi mitatu baadaye. Baba alimwuliza kuhusu uji mlangoni, kwa maonyesho, na mtoto akasema, "Sitaki, nataka maji." Nikamwekea jagi dogo na kikombe mezani, nikamwacha ajimiminie. Aliinamisha jagi, ulimi nje, akinong'ona kwa sauti ya dada yule wa nyumbani, maneno yenyewe, hata mvuto wenyewe: "Polepole. Usimwage. Utamwaga, eh."

Mwanasaikolojia Vygotsky, aliyefariki 1934, alisema kwamba hivi ndivyo fikra zinavyoingia ndani: kwanza tunasemeshwa na watu, kisha tunajisemesha kwa sauti, mwisho tunanyamaza na maneno yanabaki yakifanya kazi kimya. Nilikuwa nakaribia kumweleza baba hivyo, lakini tayari alikuwa ameinama sikioni mwangu.

"Daktari, si ulisema hiyo ya kujiita 'wewe' imeisha?"