Vidonge vya vitamini B haviondoi mawazo

Jirani yangu hapa Arua, Uganda, mama muuza nyanya, humeza kidonge cha vitamini B kila asubuhi. "Mwanangu, hiki kinaondoa mawazo," huniambia. Mkojo ukitoka na manjano iliyokolea, anaona dawa imefanya kazi. Sivyo. Manjano hiyo ni vitamini B2, mojawapo ya vitamini B, iliyozidi. Mwili umechukua unachohitaji, iliyobaki figo zimeitoa. Pesa aliyoitolea jasho sokoni inapotea bure, na hilo linaniuma.

Ni kweli vitamini B husaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu, na hutunza neva na damu. Aliyepungukiwa huchoka na kukasirika upesi. Akitibiwa hupata nafuu. Lakini kama hujapungukiwa, kidonge hakigusi deni wala ada ya shule inayokukosesha usingizi. Tena B6 nyingi kwa muda mrefu hudhuru neva, vidole vikafa ganzi.

Maharage, karanga, dodo (mchicha), mayai na mukene (dagaa) vina vitamini B. Posho (ugali) ya unga uliokobolewa imepoteza nyingi. B12 hutoka kwenye vyakula vya wanyama, hivyo asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa huhitaji kidonge cha B12.

Mama huyo nimemwomba aende kituo cha afya akapimwe damu, maana uchovu wake una miezi sasa.