Pepa 32, nyongeza ya alama moja

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata darasani, hapa Arusha, begi limetuna mgongoni. "Shikamoo Madam. Nimeshapiga pepa 32 za LSAT. Naomba nyingine." LSAT ni mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya sheria vya Marekani. Nikamwomba anionyeshe matokeo. Pepa ya kwanza 149. Ya thelathini na mbili, 150. Nikamuuliza: swali la 14 kwenye pepa ya juzi, ulikosa kwa nini? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina la babu wa babu yake. Alichokumbuka ni kwamba jibu lilikuwa C.

Huyo ni wa nne mwaka huu, na uvumilivu wangu umefika ukingoni.

Imani hiyo, kwamba wingi wa pepa ndio unaoleta alama, naijua inakotoka. Ukijiandaa na mtihani wa NECTA, pasti pepa zina maana: silabasi ni ile ile, mada ni zile zile, na ukipitia za miaka kumi unaanza kuyaona maswali ya zamani yakirudi yamebadilishwa nguo. LSAT haina silabasi. Hakuna desa la kukariri. Kinachojirudia ni namna hoja inavyojengwa na mahali inapovujia, na hapo mahali hapaonekani kwa kuhesabu pepa.

Chukua hoja hii, nimeitunga mwenyewe. Wakulima wa kahawa waliohudhuria mafunzo ya kupogoa walivuna kilo nyingi kuliko wenzao ambao hawakuhudhuria. Kwa hiyo mafunzo ndiyo yaliyoongeza mavuno. Kasoro iko wapi? Binti mmoja ambaye kwao ni Kibosho alinibishia robo saa nzima. "Lakini Madam, kupogoa kunaongeza mavuno kweli. Baba anafanya!" Baba yake yuko sahihi kabisa, ila hakuna aliyeuliza hilo. Swali ni kama sentensi ya kwanza ina nguvu ya kuibeba ya pili, nayo haina. Huenda waliohudhuria ndio wale wenye maji na mbolea, na wangevuna zaidi hata kama wasingekanyaga kwenye mafunzo. Tulipolirudia daftari lake tukakuta maswali mengine matano aliyoyakosa kwa sababu hiyo hiyo: jibu likifanana na anachokijua nyumbani, analichukua. Alikuwa amefanya pepa kumi na kitu bila kujua kwamba ana kosa moja tu kubwa.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wote wananunua kaunta buku ya kwaya mbili. Unafanya sehemu moja ya pepa kwa dakika 35, basi. Majibu huyafungui. Unarudi kwenye kila swali ulilolitilia shaka, safari hii bila saa, mpaka uridhike nalo. Ndipo unasahihisha. Swali ulilokosa mwanzo ukalipata kwenye marudio, tatizo lako ni kasi. Ulilokosa mara zote mbili, hukulielewa, na usinilalamikie habari za muda. Kisha kwa kila kosa unaandika ni kitu gani kilikuvuta kwenye jibu baya, na kwa nini kila moja ya yale manne mabaya ni baya. Nawataka waandike kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza mtu anaweza kujificha nyuma ya maneno makubwa. Kwa Kiswahili utajikuta unaandika "nililichagua kwa sababu lilinipendeza", na aibu hiyo ni dawa. Kazi hii inakula saa mbili au tatu kwa sehemu moja. Ndiyo, najua. Mwezi wako wa kwanza wa maandalizi fanya bila hizo dakika 35, sitaki kuona saa mezani kabisa, na hata baadaye pepa mbili kwa wiki zinakutosha.

Yule kijana wa begi nimemwambia aanze upya na pepa yake ya kwanza. Hakufurahi.

Imani nyingine za wanafunzi nazimaliza upesi.

"Nina LLB, nitapita kirahisi." Mtihani hauulizi sheria hata chembe. Marekani JD, shahada yao ya sheria, husomwa baada ya shahada nyingine, kwa hiyo watahiniwa wengi hawajawahi kukaa darasa la sheria. Tena kama una LLB ya Makumira au ya Mlimani na unachotaka ni LLM, yaani uzamili wa sheria, huko, kwa kawaida vyuo havitakudai LSAT. Vitakudai mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS. Kiulize chuo kabla hujanilipa. Na jamani, LST, yaani Law School of Tanzania ya Dar es Salaam, anakopita anayetaka uwakili, si LSAT. Napigiwa simu na watu waliochanganya hizo herufi.

"Kinachoua ni yale mafumbo." Yale ya watu saba kupangwa kwenye viti saba? Yaliondolewa Agosti 2024. Ukinunua kitabu cha mtumba, angalia kisije kikawa kimejaa hayo. Siku hizi kuna sehemu nne: mbili za hoja na moja ya ufahamu zina alama, na moja ya majaribio haina, nayo huwa ama ya hoja ama ya ufahamu. Wapo wanaojisifu wataitambua ya majaribio wapumzike humo. Hutaitambua. Pumzika zile dakika 10 baada ya sehemu ya pili.

"Ukikosea unakatwa." Hukatwi. Machaguo ni matano. Muda ukikuishia, jaza yote yaliyobaki.

"Watu wa PCM hawauwezi." Wangu wanaenda vizuri sana kwenye hoja. Wanapolia ni kwenye ufahamu, na hao nawapa zoezi ninalolipenda kuliko yote: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu tunayo hapa hapa Arusha, na hukumu zake ziko mtandaoni bure. Soma maoni ya jaji aliyepingana na wenzake, uniambie ni kwenye aya gani walipoachana njia. Ni kavu kama ugali wa jana. Ndiyo maana zinafaa.

"Insha haina alama, achana nayo." Haina alama, kweli. Lakini vyuo vinatumiwa nakala yake, na usipokuwa nayo hupewi matokeo yako. Ni dakika 50 tu: 15 za kupanga, 35 za kuandika.

"Nitarudia mpaka kieleweke." Mwisho ni mara tano ndani ya miaka mitano, na mara saba maisha yako yote. Huo mtindo wa "ngoja nikajaribu kwanza nione ulivyo" ufanyie LawHub, tovuti ya LSAC, waandaaji wa mtihani wenyewe, ambako hata akaunti ya bure ina mitihani michache kamili ya kujipima.