Kontroo kwenye jaribio la sayansi ni kitu gani hasa?

Ukimuuliza mwanafunzi kontroo ni nini mara nyingi atakwambia "ni ile ambayo hatujaifanya kitu", na kwenye mtihani pengine akapewa maksi, ila jibu hilo halimsaidii sana akishasimama mbele ya meza ya maabara. Kontroo ni ule upande wa jaribio unaofanana na mwenzake kwa kila kitu isipokuwa kile kimoja unachokichunguza. Kimoja tu. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, matokeo yakitofautiana hutajua yameletwa na kipi.

Mfano ninaoupenda mi ni wa Francesco Redi, Mtaliano, mwaka 1668. Enzi hizo watu wengi waliamini mabuu yanajizaa yenyewe kwenye nyama iliyooza. Jamaa akaweka nyama kwenye vyombo, vingine akaviacha wazi vingine akavifunga kabisa, vya wazi vikaota mabuu, vilivyofungwa wapi. Kesi imeisha? Bado, maana ukifunga chombo umezuia nzi lakini umezuia na hewa, kwa hiyo mbishi anaweza kusema mabuu yamekosa hewa tu hakuna cha nzi wala nini. Ndo akarudia, safari hii akafunika kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo, hewa inapita nzi hapiti, na nyama ya ndani haikutoa mabuu. Ubishi wa hewa ukafa hapo. Kwangu mimi kile kitambaa kina akili kuliko jaribio la kwanza lote.

Shuleni utakutana na kontroo kwenye lile jaribio la jani na wanga, la kuonyesha kwamba jani linahitaji mwanga ili litengeneze wanga. Mmea unakaa gizani kama siku 2 hivi ili wanga uliomo kwenye majani uishe, halafu unafunga foili kwenye sehemu ya jani moja, unauweka juani masaa kadhaa. Baadaye unachuma lile jani, unatoa foili, unalichemsha kidogo kwenye maji, unalitia kwenye ethanoli moto mpaka rangi ya kijani itoke, unalisuuza kwa maji ya uvuguvugu kwa sababu linakuwa limekakamaa na linavunjika ovyo, kisha unadondoshea iodini, dawa ya kahawia inayogeuka bluu-nyeusi ikikutana na wanga. Palipopigwa na jua panageuka bluu iliyokoza karibu na nyeusi, palipofunikwa panabaki na ile rangi ya iodini, kahawia. Pale pasipofunikwa ndo kontroo yako: jani lilelile, maji yaleyale, siku ileile, tofauti ni mwanga. Au siyo? Foili si inaziba na hewa pia! Mwanafunzi akiuliza hivyo mpe tano, halafu funga sehemu nyingine ya jani kwa nailoni angavu, inaziba hewa kama foili lakini mwanga unapita.

Na hapo kwenye ethanoli tusipapite haraka. Inachemka kwenye nyuzi 78 tu na mvuke wake unashika moto kirahisi, kwa hiyo haiwekwi juu ya moto hata siku moja, unachemsha maji kwanza, unazima kichomeo kabisa, ndo unatumbukiza testi tyubu yenye ethanoli ndani ya yale maji ya moto. Miwani ya maabara machoni, na nywele ndefu zifungwe nyuma tangu mwanzo.

Kwenye kubuni vitu ni hivyohivyo, tena huko watu ndo wanavurunda zaidi. Umetengeneza kidaraja cha vijiti kimevunjika, unabadilisha gundi, unaongeza vijiti na umbo unaligeuza, kinabeba mzigo mara mbili, unafurahi lakini hujui kilichokisaidia. Toleo la zamani ndo kontroo, libaki vilevile, toleo jipya libadilike kitu kimoja, wote wapimwe kwa mzigo uleule.

Halafu kuna kontroo ambayo wengi wanairuka, ya kupima kipimo chenyewe. Kabla hujatangaza kwamba jani halina wanga, dondoshea iodini ileile kwenye uji wa wanga ambao unajua kabisa ni wanga. Nao usipogeuka rangi basi achana na jani, tafuta chupa nyingine ya iodini.